Royal Ivey, kocha wa timu isiyokuwa na kiwanja kwao

Kamina, Haut-Lomami.



Mara kwa mara wazazi huniuliza juu ya watoto wao wanaopenda basketi, mchezo ambao vitabuni unaitwa mpira wa kikapu. Mtoto ana miguu mirefu na ana hamu, lakini kiwanja ni udongo wenye mawe, kikapu ni duara la chuma bila wavu, na mvua ikinyesha mchezo umekwisha. Kwa mzazi aliyehama, swali lina uzito zaidi. Mtoto ambaye hajui kama atarudi kijijini kwao, atachezea timu gani? Nani atamuona?

Leo sitajibu kwa maoni yangu. Nitaeleza historia ya kocha mmoja na timu moja ya nchi jirani. Ni mambo yaliyotokea, yenye tarehe na hesabu za mechi. Kocha anaitwa Royal Ivey. Timu ni ya Sudan Kusini, nchi inayopakana na yetu upande wa Haut-Uele, na ambayo watu wake wengi wamekimbilia hata huku kwetu Congo, Haut-Uele na Ituri.

Vijana wawili katika shule moja

Royal Ivey alizaliwa New York, Marekani, tarehe 20 Desemba 1981, na akakulia upande wa Queens, mahali ambapo basketi huchezwa barabarani kama futboli inavyochezwa kwetu. Kabla ya kwenda chuo kikuu alipelekwa shule ya bweni inayoitwa Blair Academy, katika jimbo la New Jersey. Huko alikutana na kijana mdogo kwake, mrefu, mwembamba, mwenye miaka 14, aliyekuwa ametoka London. Jina lake Luol Deng.

Hapa inabidi tumuache Ivey kidogo tumuangalie Deng, kwa sababu bila yeye historia hii isingekuwapo.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985. Wakati huo Sudan ilikuwa nchi moja, na vita kati ya kaskazini na kusini, vilivyoanza upya mwaka 1983, vilikuwa vikiwaka. Baba yake, Aldo Deng, alikuwa mtu wa serikali na mbunge. Hatari ilipozidi, watoto walipelekwa Misri. Huko Misri walikutana na Manute Bol, Mdinka mwenzao mwenye urefu wa mita 2.31, aliyekuwa amecheza katika ligi kubwa ya Marekani, NBA. Manute Bol aliwaonyesha watoto wale wakimbizi namna ya kushika mpira. Baadaye jamaa ya Deng ilipata hifadhi Uingereza, na kutoka London kijana akapata nafasi ya masomo pale Blair Academy.

Kwa hiyo walikutana wawili: mmoja mtoto wa mji mkubwa wa Marekani, mwingine mtoto aliyekwisha kuhama nchi mara mbili kabla ya kufikisha miaka kumi na mitano. Walicheza pamoja, wakawa marafiki. Urafiki ule wa shuleni ungelala kimya karibu miaka ishirini kabla ya kuzaa matunda.

Mtu wa benchi

Kila mwaka timu za NBA hukaa na kuchagua wachezaji wapya, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2004 marafiki wote wawili walisikia majina yao siku moja. Deng, aliyekuwa amesoma mwaka mmoja tu katika chuo kikuu cha Duke, alichaguliwa wa 7. Ivey, aliyemaliza miaka minne katika chuo kikuu cha Texas na kufika na timu yake kwenye nne bora za vyuo mwaka 2003, alichaguliwa wa 37.

Tofauti ya namba hizo ilionyesha maisha yao yajayo. Deng akawa nyota wa Chicago, na mwaka 2012 na 2013 akachaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi nzima. Ivey akawa mtu wa benchi. Alipita Atlanta, Milwaukee, Philadelphia na Oklahoma City, misimu kumi, na wastani wake ulikuwa pointi tatu na kidogo kwa mechi. Hakuna mtoto aliyeweka picha yake ukutani.

Lakini tusidharau kazi ya mtu wa benchi. Yeye huingia uwanjani kwa dakika chache, mara nyingi kumkaba mchezaji hatari wa upande wa pili, kisha anaitwa kutoka. Mazoezini ndiye anayeigiza kuwa adui ili nyota wa timu wajitayarishe. Lazima ajue mipango yote, ya nafasi yake na ya wenzake, maana hajui ataingizwa saa ngapi. Na akiwa ameketi pembeni ya kocha, mechi baada ya mechi, anaona mambo ambayo anayekimbia uwanjani hayaoni: nani amechoka, nani amekasirika, nani anaogopa kupewa mpira.

Mwaka 2012 Ivey alikuwa katika kikosi cha Oklahoma City Thunder kilichofika fainali ya NBA na kushindwa na Miami. Katika kikosi hicho alikuwamo Kevin Durant, ambaye naye alisoma Texas, miaka michache nyuma yake. Tulishike jina la Durant, tutalikuta tena.

Alipoacha kucheza, Ivey hakwenda mbali na benchi. Alianza ukocha katika timu ndogo ya Oklahoma City, inayoitwa Blue, ambako vijana hukuzwa. Kutoka hapo akapanda kuwa kocha msaidizi wa Thunder yenyewe, kisha New York Knicks mwaka 2018, Brooklyn Nets mwaka 2020, na Houston Rockets mwaka 2023. Kazi ya kocha msaidizi haionekani sana kwenye televisheni. Ni kutazama video za adui usiku, kumpeleka mchezaji mmoja uwanjani asubuhi kurudia pigo moja mara mia, na kumuambia ukweli pale ambapo kocha mkuu hana muda. Ivey alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa miaka kumi akiwa mchezaji.

Nchi mpya, na mwito wa rafiki

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mwaka 2013 ilipokelewa katika shirikisho la dunia la basketi, FIBA. Desemba mwaka huohuo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Watu waliokuwa wamerudi wakiimba wimbo wa taifa jipya wakajikuta njiani tena, kwenda Uganda, Kenya, Ethiopia, Sudan na Congo. Wenye kusikia haya na kuona kijiji chao machoni, wananielewa.

Deng alipoacha kucheza mwaka 2019, alishika uongozi wa shirikisho la basketi la nchi aliyozaliwa. Alichokikuta kilikuwa kidogo sana. Nchi nzima haikuwa na uwanja hata mmoja wa ndani wa basketi, wenye paa na sakafu ya mbao. Hapakuwa na fedha za ndege wala hoteli, na Deng alitoa kutoka mfukoni mwake. Alianza hata kukaa kwenye benchi kama kocha yeye mwenyewe.

Lakini kitu kimoja kilikuwapo kwa wingi, nacho ni watoto wa wakimbizi waliokua. Walikuwa wametawanyika Australia, Marekani, Kanada, Kenya, Uganda. Wengi walikuwa warefu na walikuwa wakicheza vizuri, lakini hawajuani. Mmoja anazungumza Kiingereza cha Australia, mwingine cha Marekani, mwingine Kiarabu. Wengine walikuwa hawajawahi kuiona nchi ambayo jina lake lingeandikwa kifuani mwao.

Mwaka 2021 Deng alimuita rafiki yake wa Blair Academy awe kocha mkuu. Ivey alikuwa na kazi yake Brooklyn. Ligi ya Marekani hufunga katikati ya mwaka, na hiyo ndiyo miezi ambayo makocha wa kule hupumzika na watoto wao. Yeye alikubali kuitumia kwa timu ya nchi isiyo yake, ambayo haikuwa na kiwanja wala jina.

Kigali, Agosti 2021

Kazi ya kwanza ilikuwa AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, yaliyofanyika Kigali mwaka 2021. Sudan Kusini ilikuwa haijawahi kuyacheza. Nchi yetu ya Congo pia ilikuwapo. Kenya nayo ilikuwapo, ikiongozwa na Liz Mills kutoka Australia, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya wanaume katika mashindano hayo.

Sudan Kusini na Kenya zilikutana katika mechi ya kutafuta robo fainali, na Sudan Kusini ikapita kwa tofauti ndogo. Katika robo fainali iliangushwa na Tunisia, ambayo mwishoni ilichukua kombe. Kwa timu ya mara ya kwanza, kufika robo fainali kulikuwa jambo kubwa.

Mtu atauliza, kocha alifanya nini cha ajabu? Tukiangalia namna timu ilivyocheza tangu hapo, jibu si gumu. Kocha anayepewa wachezaji kwa majuma machache tu kwa mwaka hawezi kufundisha mipango mingi. Ivey alichagua mchezo ambao mtu anaweza kuuelewa haraka: kukaba kwa nguvu, kukimbia mpira unapopatikana, kugawana, na kutupa kutoka mbali mtu akiwa huru. Hakuna mchezaji mmoja ambaye wote walisimama kumuangalia. Aliyekuwa na nafasi ndiye aliyetupa.

Huo ni mchezo wa mtu aliyekaa benchi. Nyota hufundisha watu wamtafute nyota. Aliyengojea zamu yake kwa miaka kumi anajua kwamba wa kumi na mbili pia ana mikono.

Mechi kumi na mbili

Baada ya Kigali ilikuja safari ya Kombe la Dunia la 2023. Kwa Afrika zilikuwa nafasi tano tu. Katika hatua ya kwanza Sudan Kusini ilikuwa pamoja na Tunisia, Cameroon na Rwanda. Katika hatua ya pili zikaongezwa Misri, Senegal na Congo yetu. Kwa hiyo Leopards wetu walikutana na vijana hao uso kwa uso, katika kundi moja, wakitafuta tiketi ileile.

Sudan Kusini ilicheza mechi 12 na kushinda 11. Tiketi ilipatikana Februari 2023, mjini Alexandria, Misri. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, isiyo na uwanja wenye paa, ilikuwa imekata tiketi ya Kombe lile. Sisi tulibaki nyumbani. Sisemi hivyo kuwadharau vijana wetu, maana ndivyo mchezo ulivyo. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba waliotupita hawakuwa na majengo kuliko sisi.

Manila, Agosti na Septemba 2023

Kombe la Dunia lilichezwa Ufilipino, Japani na Indonesia. Sudan Kusini ilipangwa Manila. Mechi ya kwanza, na Puerto Rico, ilikwenda muda wa nyongeza, wakapoteza 101 kwa 96. Ya pili walishinda China 89 kwa 69, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa nchi yao katika Kombe la Dunia. Ya tatu Serbia iliwaonyesha ukubwa wa dunia, 115 kwa 83.

Baada ya kipigo kama hicho, timu nyingi changa huvunjika moyo. Siku iliyofuata waliingia mbele ya wenyeji, Ufilipino, katika uwanja uliojaa watu wa nyumbani, wakashinda 87 kwa 68. Ikabaki Angola.

Kila anayefuata basketi ya Afrika anajua Angola ni nini. Ni nchi iliyotawala mchezo huu katika bara letu kwa miaka mingi, yenye makombe mengi ya Afrika kuliko nchi yoyote. Na timu ya Afrika itakayomaliza mbele ya nyingine zote ndiyo ingekwenda Olimpiki ya Paris moja kwa moja. Tarehe 2 Septemba 2023, Sudan Kusini ilishinda Angola 101 kwa 78. Watoto wa kambi walikuwa wamefika Olimpiki.

London na Lille, Julai 2024

Kabla ya Paris, Marekani ilitafuta timu ya kupimana nayo London. Tarehe 20 Julai 2024 wakacheza na Sudan Kusini. Upande mmoja walikuwa LeBron James, Stephen Curry na Anthony Davis. Upande mwingine vijana ambao wengi duniani hawakujua majina yao. Walioweka kamari walisema Marekani itashinda kwa zaidi ya pointi arobaini.

Wakati wa mapumziko Sudan Kusini ilikuwa mbele, 58 kwa 42. Mpaka sekunde za mwisho walikuwa bado wanaongoza kwa pointi moja. Zikiwa zimebaki sekunde nane, LeBron James alipenya akaweka mpira. Ikawa 101 kwa 100. Walishindwa, lakini dunia iliamka.

Siku nane baadaye, tarehe 28 Julai, ilikuwa mechi yao ya kwanza ya Olimpiki, katika mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Wachezaji walisimama kwa wimbo wa taifa. Ukapigwa wimbo ambao si wao. Ulikuwa wa Sudan, nchi ambayo wazazi wao walipigana nayo na kuikimbia. Ukazimwa, na watu uwanjani wakapiga makofi kuwatia moyo mpaka wimbo wao ulipopatikana. Mtu aliyehama anajua maumivu ya kuandikwa jina lisilo lake kwenye orodha, akasahihisha, na kuandikwa vibaya tena. Vijana wale walisimama kimya. Kisha wakacheza, wakashinda Puerto Rico 90 kwa 79, timu ileile iliyowapiga Manila mwaka mmoja nyuma.

Mechi ya pili, tarehe 31 Julai, ilikuwa Marekani tena, na safari hii Kevin Durant alikuwa amepona na kucheza. Kocha na mchezaji, waliokuwa wamekaa benchi moja Oklahoma City na tena Brooklyn, wakawa pande mbili. Marekani ilishinda 103 kwa 86. Mechi ya tatu, Serbia 96, Sudan Kusini 85. Walimaliza na ushindi mmoja na hawakuvuka kwenda robo fainali. Serbia ile iliyowapiga kwa pointi 32 mwaka 2023, sasa ilihitaji kufanya kazi kwa tofauti ya 11. Na kumbukeni kwamba Serbia na Marekani zote mbili ziliondoka Paris na medali.

Tusiidanganye historia

Sasa niseme wazi, ili mtu asije akasema mwandishi wa Kamina anauza ndoto.

Timu hii haikutoka hewani. Wengi wa wachezaji walifundishwa katika shule na vyuo vya Marekani na Australia, kwenye sakafu za mbao, na makocha waliolipwa. Mmoja wa walio bora, Carlik Jones, ni Mmarekani wa kuzaliwa aliyepewa uraia ili acheze, jambo ambalo sheria za FIBA zinaruhusu kwa mtu mmoja. Fedha za mwanzo zilitoka kwa Deng, tajiri aliyeupata utajiri wake kwa mchezo huohuo. Na ushindi haukujenga nyumba za waliobaki kambini. Hakuna vita vilivyozimwa na mpira.

Lakini kuna mambo ambayo fedha peke yake haikuyafanya. Chukueni mfano wa Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Kawempe, mtaa wa Kampala, Uganda, mtoto wa jamaa ya wakimbizi. Alianza basketi akiwa na miaka kama kumi na miwili au kumi na mitatu. Akapata nafasi katika shule ya basketi ya NBA kule Saly, Senegal. Ivey alimchukua Manila akiwa na miaka 16, na Lille akiwa na 17, akamuweka uwanjani mbele ya watu wazima. Mwaka 2025 Maluach alichaguliwa wa 10 kwenye NBA. Huyo hakuanza na sakafu ya mbao. Alianza na mtu aliyemuona barabarani, na mwingine aliyemuamini mapema.

Nunu nyingine ya hesabu hii ni Nuni Omot, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Kenya. Na Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, akapita Misri kabla ya kufika Marekani akiwa mtoto mdogo. Kila mmoja alikuwa na barabara yake. Kazi ya Ivey ilikuwa kuwafanya watu waliokulia mbali wajuane kwa majuma machache, kila mwaka, na warudi mwaka unaofuata bila kulazimishwa. Katika timu ya taifa mchezaji hafungwi na mkataba mkubwa. Akirudi, ni kwa sababu aliheshimiwa.

Na sisi Wakongomani?

Sisi hatukukosa wachezaji. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikwenda Marekani kusoma, kocha John Thompson wa chuo kikuu cha Georgetown akamuona, akawa mmoja wa walinzi wakubwa wa kikapu katika historia, kisha akajenga hospitali Masina kwa jina la mama yake. Alituacha tarehe 30 Septemba 2024. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, wa Katanga yetu. Alitoka nyumbani akiwa kijana, akaonekana kwenye mashindano ya vijana na kocha Mreno Mario Palma, akafika Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 7 kwenye NBA. Mwaka 1996, dada zetu, na Mwadi Mabika kati yao, walibeba jina la Zaire mpaka Olimpiki ya Atlanta. Miezi michache baadaye vita vikaanza mashariki, na jina lenyewe la Zaire likaondoka mwaka uliofuata.

Angalieni katika kila habari hizo: kuna kocha aliyeona. Mchezaji mrefu asiyeonwa na mtu ni mtu mrefu tu anayepita barabarani.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi hufika hapa ikagawanyika, moja kwenda Kasai, nyingine kwenda Kabalo na Kalemie. Kwa miaka mingi watu wameshuka katika stesheni yetu wakiwa na mizigo kichwani, wengine wakiwa wanatafuta kazi, wengine wakikimbia. Mji kama huu unajua namna watu wasiojuana wanavyojifunza kukaa pamoja. Tunaijua pia taabu yake. Watoto wa waliohamia na watoto wa wenyeji mara nyingine hucheza kila kundi pembeni, kila kundi na mpira wake wa makaratasi.

Kwa hiyo ninarudi kwenye swali la wazazi. Mtoto ambaye hajui kama atarudi kwao, atachezea timu gani? Kwa sasa atachezea timu ya mahali alipo, ikiwa pale pana mtu mzima mmoja anayekuja saa ileile, siku zilezile, anayejua majina ya watoto wote, na anayemuingiza uwanjani pia yule wa kumi na mbili. Hilo halihitaji paa. Linahitaji mwalimu, au kijana aliyewahi kucheza, au baba ambaye jioni hana kazi. Wanaofanya hivyo tayari hapa mjini, bila malipo, wapo, na tunawaona.

Ivey mwenyewe alikuwa ni yule wa kumi na mbili. Wakati rafiki yake akipigiwa makofi Chicago, yeye alikuwa amekaa, anaangalia, anajifunza. Deng alipohitaji mtu wa kuwakusanya waliotawanyika, hakumtafuta nyota mwenzake. Alimtafuta yule wa benchi, aliyemjua tangu shuleni.

Mzazi, mtoto wako akikuambia leo jioni kwamba hakuingizwa uwanjani, usimkataze kurudi kesho. Muulize aliona nini akiwa amekaa.